Gari Likikamilika

Jumapili, 6 Mei

Mume wangu,

Sasa hivi tu Chiriku amechukua tairi moja la gari, akalinusa, akalivingirisha sakafuni mpaka likagonga mguu wa cherehani, kisha akanigeukia akasema, "Limefika." Nikamuuliza limefika wapi. Akasema, "Kwa baba." Ikabidi niinamie sindano nijifanye natafuta tundu.

Boksi tumelipata, halina hata mkunjo. Dereva wa lori alilileta mpaka mlangoni akalikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nikajua ni gari la rimoti kwa ile picha ya juu, lina miguu mirefu kama panzi, linaruka kilima cha vumbi. Kumbe ndani hamna gari. Kuna mifuko ya skrubu ndogo kama punje za mtama, fito za plastiki, springi, gia, na kijitabu. Nilikaa nikacheka peke yangu. Mama mwenye nyumba akachungulia akauliza, "Huyu kakuletea gari au kakuletea kazi?" Nikamjibu kazi yangu, gari la mwanangu. Akasema, "Na yeye mwenyewe analetwa lini?" Unamjua mdomo wake.

Kijitabu hakina maneno, ni picha tupu. Mimi na maneno mengi hatukuelewana shuleni, unajua, lakini hizi picha nimezielewa. Ni kama patani ya gauni: hapa mbele, hapa nyuma, hapa usiguse kwanza. Mfuko wa kwanza tumeumaliza jana, mimi na bisibisi, Chiriku ananikabidhi nati. Moja aliificha mdomoni ili isipotee. Kalipa jina gari, Panzi.

Barua yako nimeshamsomea Chiriku mpaka karatasi imelainika. Hataki yote, anataka pale tu: "Likikamilika, Chiriku wangu, siku hiyo hiyo napanda basi nakuja, tulikimbize pamoja." Nikikosea neno ananirekebisha. Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa bado anaita gari "gali", na sasa hanyamazi hata akila. Utashangaa.

Pole kwa simu yako kuibwa. Mimi barua sijali, angalau Chiriku hawezi kuninyang'anya akaongea peke yake. Dereva amesema atakuwa anapita huku kila akishusha mzigo, kwa hiyo usiseme huna njia.

Sisi wazima, wasiwasi wetu ni wewe tu na hayo mashimo ya lifti.

Wako,
Mama Chiriku


Jumatano, 23 Mei

Mama Chiriku mpenzi,

Nimecheka kwa habari ya nati mdomoni mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Hapa bwenini tunalala wanaume sita chumba kimoja, sakafu ya saruji tupu, hata mkeka hatuna, kwa hiyo mtu akicheka peke yake lazima atoe maelezo. Niliwaambia mke wangu anaunda gari. Hawakuamini. Mmoja alisema wa kwake hawezi hata kubadilisha balbu. Nikamwambia basi ulioa balbu.

Juzi nilishinda ndani ya shimo la lifti tangu asubuhi, nyaya zimelegea, wapangaji wanapiga kelele juu kama kuku. Kazi ni ile ile. Mtu unapandisha wenzio siku nzima, wewe mwenyewe unabaki chini.

Sasa sikiliza. Mtakapofika kwenye shokapu, zile nne zenye springi, mtazijaza mafuta. Msizifunge haraka. Sukuma kile kifimbo juu na chini, polepole, mpaka mapovu yote yatoke. Povu likibaki ndani, gari litarukaruka kama mbuzi aliyefungwa. Mwambie Chiriku hiyo ndiyo kazi yake, kuhesabu mapovu. Wewe unaharakisha, nakujua.

Msikimbilie kumaliza. Gari jema haliungwi kwa pupa.

Nawapenda,
Baba Chiriku


Jumapili, 10 Juni

Mume wangu,

Umesema mimi naharakisha. Ni kweli. Sasa niseme nisifiche: Panzi amebaki kidogo sana. Gia ziko ndani ya boksi lake na grisi yake, usukani unageuka kushoto na kulia, shokapu zimesimama zote nne. Chiriku alikaa na ile ya kwanza kama mganga, jicho moja limefumbwa, anasema, "Bado, mama, kuna mdogo amejificha." Alikuwa kweli yupo, kipovu kama kichwa cha pini. Bado mota, tairi na bodi.

Ile bodi imetushinda akili mwanzo. Ni ya plastiki ya kuonekana, kama chupa. Nikaipaka rangi juu, nikajisifu. Chiriku akaikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka yote. Ndipo nikatazama kijitabu vizuri, kumbe rangi inapakwa kwa ndani, ili ikigongwa isichubuke. Mwanamke mzima nimevaa gauni nje ndani. Nimeisafisha, tutapaka upya, kachagua manjano, na mlia mweusi anataka upake wewe.

Huko nyuma ya nyumba kafagia na kajenga kilima. Amekusanya udongo kwa sufuria yangu, ameumwagia maji, ameupiga kwa viganja mpaka umekaza. Ukipita karibu anakufukuza. Anasema kilima hakikanyagwi na mtu kabla ya baba.

Tutamaliza wiki mbili zijazo, siku ya Jumamosi. Nimeshaomba ruhusa kwa mwenye duka, sitashona siku hiyo. Nimekushonea shati, bluu, kola ndogo kama upendavyo. Nimekisia kifua kwa kujikumbatia mwenyewe, kwa hiyo likikubana usinicheke, mikono ndiyo iliyosahau.

Panda basi la Ijumaa. Sisi tuko mlangoni.

Wako anayengoja,
Mama Chiriku


Alhamisi, 21 Juni

Mke wangu,

Msimalize kwanza.

Nimeona niwahi kumpa dereva barua hii. Nimewatumia shokapu nyingine, za chuma, hizi za rangi ya samawati. Nimezipata katika duka la vifaa vya michezo karibu na kazini, mpya. Zile za plastiki zilizokuja na boksi hazifai, gari likiruka mara moja zinavunjika, na mtoto ataumia moyo. Vueni zile, mfunge hizi. Itabidi mfungue mbele na nyuma, poleni, lakini kitu kikifanywa kifanywe vizuri.

Ruhusa nayo imekuwa ngumu mwezi huu, kuna jengo jipya. Likikamilika hilo gari na mimi nitakuwa nimepata nafasi.

Shati litunze.

Baba Chiriku


Jumapili, 8 Julai

Mume wangu,

Shokapu tumezipata Jumamosi ile ile. Kila lori lililopita Chiriku alisema ni basi. Alikuwa amevaa gauni la manjano, lile la mikunjo, na soksi. Nikamwonyesha zile za chuma, nikamwambia baba ametuma kitu kizuri zaidi kwa hiyo gari inabidi livuliwe. Akazitazama. Akasema, "Basi na mimi nivue," akavua gauni, akalikunja mwenyewe, akaliweka juu ya kabati.

Sijakuandikia hayo ili uumie. Nakwambia tu ili ukija ujue la kumwambia.

Zimeshafungwa. Ni nzuri kweli, mkono ukizibonyeza zinarudi taratibu kama mtu anayeshusha pumzi. Zilikuwa na mafuta tayari, nikashangaa kwa kitu kipya, nikasema labda dukani ndivyo wanavyouza. Mota imekaa. Bodi tumeipaka manjano, nafasi ya mlia wako mweusi tumeiacha wazi.

Dereva nilimkaribisha chai, akakataa. Dereva yule, anayekunywa chai ya watu wote mtaa huu. Alisema ana haraka, na lori alikuwa amelizima. Mwambie sijamkosea, au kama nimemkosea aniambie.

Mwenye nyumba naye amepata la kusema. Kazishika shokapu, kazigeuza, akasema, "Huyu mume wako anakuja kidogo kidogo. Katanguliza miguu." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika ndani sikucheka.

Lakini mimi sikati tamaa kwa maneno ya mlangoni. Najua kazi ni kazi. Kilima cha Chiriku mvua ilikiangusha upande, amekijenga tena, kirefu zaidi. Amewaambia darasani baba yake anakuja likizo hii na mwalimu amemruhusu siku hiyo alete gari. Kwa hiyo hesabu siku zako, baba, usituangushe. Sisi tumemaliza.

Mama Chiriku


Jumamosi, 18 Agosti

Mke wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Likizo imepita, najua. Jengo jipya limetula sote, na mimi nilipata homa kidogo, sasa nimepona.

Ninawatumia ekseli za nyuma pamoja na beringi zake, na magurudumu kamili yenye tairi za meno makubwa. Bushi za plastiki zilizo humo sasa, vile vipete vinavyoshika ekseli, zitalika upesi kwa vumbi. Beringi zinateleza, utaona tofauti. Vueni magurudumu yale, mfunge haya. Ni kazi ya jioni moja kwa mikono yako.

Hiki ndicho cha mwisho, naapa. Mkifunga hiki, nakuja.

Mwambie Chiriku mlia mweusi auache, nitaupaka mwenyewe.

Baba Chiriku


Jumapili, 2 Septemba

Mume wangu,

Nimeianza barua hii mara tatu. Nisamehe kama mwandiko unapanda na kushuka.

Magurudumu yamefika. Chiriku aliyashika kwanza. Unajua sasa ameshakuwa fundi kuliko mimi. Alilizungusha moja mbele ya macho yake, akasema, "Mama, hili meno yameisha upande mmoja. Huyu alikuwa anazungusha tu, anazungusha tu." Nikamwambia acha maneno, hivi ni vipya, baba kanunua dukani. Akasema sawa. Lakini aliendelea kupitisha kidole pale palipolika.

Nikafungua ekseli ili nipake grisi. Lile gurudumu la kulia lilikuwa zito kuzunguka, likanishangaza, maana uliandika kwamba beringi zinateleza. Nikatoa nati, nikavuta, nikaona nyuma ya beringi kuna kitu kimejisokota kimekaza. Nikachukua sindano yangu ya kufumulia, nikakivuta kidogo kidogo, nikakiweka juu ya kitambaa cheupe.

Mume wangu, mimi nashona. Kusoma kidogo, lakini uzi naujua. Kulikuwa na sufu ya zulia, nyekundu, zulia nene la sebuleni. Na ndani ya sufu kulikuwa na nywele. Si za mtu mzima. Ni laini, nyembamba, zimejikunja mwishoni, za mtoto ambaye hajaanza kunyolewa vizuri, anayelala sakafuni kutazama gari likipita karibu na kichwa chake. Najua kwa sababu Chiriku naye alikuwa hivyo.

Wewe uliniandikia saruji tupu. Wanaume sita, hata mkeka hamna.

Nimekaa nazo siku kadhaa. Nimejaribu kila njia. Nimesema labda duka liliuza kitu kilichotumika, wamekudanganya. Nimesema labda kuna rafiki ana mtoto. Kisha nikakumbuka shokapu zilizokuja na mafuta ndani, na chai ya dereva. Na simu, ambayo mtu angeshanunua nyingine.

Sigombani na wewe. Chiriku sijamwambia kitu, nilimwambia ni uzi wa kwangu umeingia. Ninauliza swali moja tu, na ninakuomba kwa mtoto huyu usinijibu kwa kipande kingine cha gari.

Nywele hizi ni za nani?

Mama Chiriku


Jumatatu, 24 Septemba

Mama Chiriku,

Ni za mtoto wangu. Ni wa kiume. Ametimiza miaka mitatu.

Nimeandika hayo kwanza ili nisipate nafasi ya kuyakimbia. Mama yake anakaa ghorofa ya chini ya jengo ninalohudumia. Bwenini nilikaa mwaka ule wa kwanza tu. Simu haikuibwa, niliizima ili usinipigie nikiwa kwake. Alisema nichague, nikashindwa kuchagua, nikafanya lile linalofanywa na mtu mwoga, nikakuficha wewe kwake na yeye kwako. Dereva anajua, amenifokea mara mbili.

Boksi lile nilimnunulia Chiriku, hilo ni kweli tupu. Lakini kabla sijalituma mdogo aliliona akalilia, nikanunua jingine nikamwundia. Na shokapu za chuma nilizinunua kwa ajili ya gari lake. Mpya, zilikuwa za kwake. Nikazifunga, akawa anafurahi, anazungusha gari kwenye zulia siku nzima, upande mmoja tu, hajui kurudisha usukani. Mimi nikikaa pale kwenye kiti namwona Chiriku. Barua yako ikafika, kwamba mnamaliza Jumamosi. Nikazivua, nikamrudishia zile za plastiki, nikamwambia gari limechoka. Hizo za chuma nikawatumia ninyi. Na magurudumu vivyo hivyo. Naomba unielewe hapo tu, sikuwatumia makombo. Nilichukua kizuri kule nikakileta huko.

Lakini sitajisifu kwa hilo. Kila ulipoandika limebaki kidogo, nilikuwa natafuta cha kuwafungulisha. Nilijua siku litakapokwenda, ahadi yangu imefika, na nikija sitaweza kukutazama nikakaa kimya. Nilikuwa nanunua muda kwa vyuma vya mtoto.

Nimeona juzi gari la mdogo limesimama, shokapu moja ya plastiki imekatika. Kaja nalo mkononi, ananiambia, "Baba, funga." Sikuwa na cha kufunga.

Sijui sasa mimi ni mume wa nani, lakini baba wa Chiriku ni mimi. Niambie neno moja. Nije au nisije? Ukisema njoo, nakuja, liwe liwalo. Ukisema nisije, nitakuwa natuma matunzo yake na sitakusumbua.

Mimi,
Baba Chiriku


Jumapili, 14 Oktoba

Baba Chiriku,

Barua yako niliisomea dukani, nimekaa kwenye cherehani, ili nisilie mbele ya mtoto. Nikalia mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni mtu amepatikana. Akasema basi shukuru. Nikampa sketi yake.

Siku mbili tatu nilikuwa mtu mbaya, nikwambie ukweli. Nilikitazama kile kilima cha udongo nikataka kukivunja kwa jembe. Shati la bluu nililishika na mkasi. Sikulikata, nimempa kijana wa mwenye nyumba aliyepata kazi ya ulinzi. Limemkaa vizuri. Mwenye nyumba alipojua, usidhani alinicheka. Alikuja akakaa kitandani kwangu, akamenya machungwa, tukala, akaondoka na maganda.

Sasa ufungue huo mfuko wa kitambaa aliokuletea dereva. Alipoileta barua yako, safari hii chai alikunywa, vikombe viwili. Humo ndani ziko shokapu zote nne za samawati, ekseli mbili, beringi na magurudumu. Nimeziosha na mafuta nimeweka mapya. Zifunge ulikozitoa. Mtoto wa miaka mitatu hajamkosea mtu, naye gari lake lisimame kwa sababu yetu, hapana. Usimwambie tena limechoka. Zile nywele pia zimo, nimezizungushia karatasi. Si zangu kuzitupa.

Kuzivua ndiyo ilikuwa kazi. Chiriku alilia, akaikumbatia shokapu moja, akasema ni zawadi yake. Nikaona siwezi tena kusema uongo juu ya hivi vyuma. Nikamkalisha mapajani. Nikamwambia una ndugu yako, mdogo, anakaa na baba, na hizi zilikuwa za kwake. Aliigeuzageuza ile shokapu mkononi. Kisha akauliza, "Ana meno?" Nikamwambia anayo. Akauliza, "Ndiye alikuwa anazungusha?" Nikasema ndiye. Akazitazama zile tairi zilizolika upande, akasema, "Mwambie baba amfundishe kurudisha usukani." Halafu akaniachia shokapu.

Ameniambia pia nikuandikie hivi: kabla ya kufunga watoe mapovu kwanza, na yeye mdogo ndiye ayahesabu.

Akauliza na lile nililoliogopa. "Kwa hiyo baba alikuwa haji?" Nilimwambia baba alitaka kuja na alikuwa anaogopa, yote mawili kwa pamoja. Akasema hata yeye alitaka kupanda bembea ya shuleni na alikuwa anaogopa. Nikamwacha na hilo, maana sikuwa na zuri kuliko hilo.

Panzi tumemfunga upya, kama alivyotoka boksini. Shokapu za plastiki, bushi za plastiki, magurudumu madogo. Kijitabu sikukifungua hata ukurasa mmoja, mikono inajua. Mlia mweusi nimeupaka mimi, kwa ndani, umepinda kidogo. Leo asubuhi tumetia betri. Sikukungoja, na sikumwambia Chiriku angoje. Amevaa gauni lake la manjano, sasa linambana kwapani, mikono yake miwili imeshika rimoti, ulimi nje.

Linakwenda. Polepole, linalia kama kuku anayetaka kutaga, shokapu zinagonga, lakini linakwenda. Kilimani limeshindwa mara mbili limepinduka, magurudumu juu yanazunguka hewani, naye analisimamisha analisemesha. Niko hapa dirishani naandika juu ya mbao ya kupigia pasi, ninamsikia.

Matunzo uliyosema, tuma. Sitajifanya siyahitaji.

Umeuliza uje au usije. Kwa Chiriku jibu ni jepesi, wewe ni baba yake, njoo siku yoyote umwone, usingoje kitu chochote kikamilike, na ukija njoo mikono mitupu. Kwa upande wangu nimefikiri sana, nimepiga pasi na kufikiri, nimeshona na kufikiri, na nimepata neno moja ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Nalo ni kwamba mimi na wewe, kuanzia leo, ni baba na mama wa Chiriku, si mume na

ananiita, "Mama njoo, mama linapanda, linapanda mama njoo uone," limefika nusu ya kilima na magurudumu hayajateleza na nikichelewa nita